Dereva wa Majani Mekundu

Dereva yule alikuwa na subira kuliko watu wote niliowahi kufanya nao kazi, ila kwa jambo moja: hakutaka mtu asinzie ndani ya gari lake. Ungeweza kumchelewesha tangu asubuhi hadi jua la utosi asiseme neno. Ungeweza kumtapikia kiti, akachukua maji na kitambaa akasafisha huku akikupa pole. Lakini ukifumba macho safarini, hata kidogo, ungesikia breki. Gari lingesimama hapo hapo porini, naye angegeuka nyuma na kukuambia kwa sauti ya chini, "Amka, ndugu yangu. Humu hatulali."

Nilimwona akimwamsha mchungaji mgeni aliyekuwa ametoka kwenye safari ndefu ya treni. Nilimwona akimwamsha mama aliyetoka kujifungua, kisha akaanza kumwimbia nyimbo za kanisani moja baada ya nyingine ili asilale tena, mpaka tukamfikisha kwao. Yule mama alicheka, akadhani ni utani wa mzee. Mimi pia kwa miaka mingi nilidhani hivyo.

Wote tulimwita Dereva. Hospitali yetu ya misheni, pale Tabora, ilikuwa na gari moja tu, boksibodi la kuwashwa kwa hendeli, na mtu mmoja aliyeelewana nalo. Mimi nilikuwa nesi. Nilianza kazi pale nikiwa mjane kijana, Mkatoliki kati ya Wamoraviani, miaka michache kabla ya vita vya Hitla, na yeye nilimkuta. Aliniita Nesi tangu siku ya kwanza, nami nilimwita baba, kwa sababu alilingana umri na baba yangu, na kwa sababu hakuwa mtu wa kuitwa vinginevyo.

Kila safari, kabla ya kuondoa gari, alituita majina. Hata tukiwa wawili tu, yeye na mimi, nimekaa pembeni yake goti kwa goti, angeweka mkono kwenye gia na kuuliza, "Nesi yupo?"

"Nipo, baba."

"Haya, twende."

Mara moja nilinyamaza kwa makusudi nione atafanya nini. Hakunigeukia. Alizima gari, akatazama mbele kwenye kioo, akangoja. Niliona mishipa ya shingo yake imesimama. Nikasema haraka, "Nipo, baba, nipo," naye akashuka kwenda kuzungusha hendeli upya bila kunilaumu. Sikurudia tena mchezo ule.

Alikuwa mzee wa kanisa. Pombe hakuionja, na watu waliokwenda kwa waganga aliwasema hadharani, tena kwa majina. Hata hivyo palikuwa na mahali, kwenye ile njia ya zamani ya misafara inayoshuka kusini kwenda Ipole, ambapo kila tulipopita alisimamisha gari, akashuka na debe la maji ya rejeta, na kabla ya kufungua boneti akamwaga maji kidogo ardhini.

"Gari lina kiu," alinijibu nilipouliza.

"Lakini baba, umemwaga chini."

Alifikiri kidogo. "Basi ardhi ina kiu," akasema, na tukaendelea.

Baada ya kumwaga maji alipiga honi mara moja, ndefu, porini pasipo mtu wala mnyama. Kisha alisikiliza, kichwa amekiinamisha kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Halafu tuliondoka. Wagonjwa waliozoea njia ile walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema anafukuza tembo. Wengine, kwa kunong'ona, walisema anawasalimu wapagazi waliofia njiani zamani, wale waliobeba pembe na hawakurudi makwao. Nilipomfikishia maneno hayo hakucheka. Alisema, "Njia hii imebeba watu wengi, Nesi. Si wote walikuwa wapagazi."

Kuhusu muda wa safari alikuwa na jibu moja tu. Ukimuuliza tutafika lini, alikuambia, "Tukifika tutajua." Daktari, Mzungu aliyependa saa yake kuliko chakula, lilimkera sana jibu hilo. Lakini mke wa daktari alilipenda, na yeye ndiye aliyeanzisha safari za majani.

Mtu asiyeijua miombo ya kwetu anaweza kudhani nasema uongo. Mwishoni mwa kiangazi, ardhi ikiwa imepasuka na mito ni mchanga mtupu, kabla hata wingu moja halijaonekana, miti ya mitundu huchipua. Na haichipui kijani. Majani mapya hutoka mekundu, mengine kama shaba iliyosuguliwa, mengine kama divai, mengine yana rangi ya nyama ya ndani ya mdomo wa mtoto. Kwa wiki chache pori lote kusini mwa Tabora huwaka hivyo, jua likipenya humo unaona hata mikono yako imekuwa myekundu. Halafu majani hubadilika kijani, mvua hunyesha, na watu hushika majembe.

Sisi tuliokulia humo hatukuwa na desturi ya kwenda kuyatazama. Tuliyaona tukienda kutafuta kuni. Mke wa daktari alipoyaona mara ya kwanza alishuka garini akakaa chini. Alituambia kwamba kwao nako misitu huwa myekundu hivyo, na watu hufunga safari kwa magari na kwa miguu kwenda kuitazama, lakini kule majani huwa mekundu yanapokufa. "Hapa yanazaliwa," alisema kwa Kiswahili chake cha polepole. "Sijui nifurahi au nilie."

Dereva alikuwa anafuta kioo. Nilimsikia akisema, si kwa kumjibu, "Mtu anaweza kufanya yote mawili, mama."

Tangu hapo kila mwaka, msimu ule ulipofika, ilikuwa lazima twende. Mke wa daktari alichukua rangi zake na karatasi, chupa ya chai, mikate, na wageni waliokuwapo kwake. Mimi nilichukua sanduku la dawa, kwa sababu daktari hakuruhusu gari liende porini kwa starehe tupu. Tulipita vijiji vya kando ya barabara nikafunga vidonda na kutazama macho ya watoto. Tulifuata njia ya misafara kwenda kusini, polepole, mapazia ya turubai ya gari yamefunguliwa. Kisha tuliacha gari kivulini na wageni wakatembea kwa miguu kwenye njia za warina asali, wakitazama juu.

Kwa wageni Dereva alikuwa mwongoza njia asiye na kifani. Alijua mahali jua la asubuhi linapopiga majani kwa nyuma, na kilima ambacho ukisimama juu yake unaona pori zima hadi upeo wa macho, jekundu kama makaa yaliyopulizwa. Alisimamisha gari pale bila kuombwa. Wageni walishuka wakishangaa uzuri. Yeye alibaki amekaa, macho kwenye usukani. Katika safari zote zile sikumwona akiyatazama majani hata mara moja.

Nilimwambia siku moja, "Baba, unatuleta wote mpaka hapa, halafu wewe hutazami."

"Nimeshayaona," alisema.

Na mambo yake yote nilikuwa nimeyachukua hivyo, moja moja, kama vituko vya mzee mwema, mpaka mwaka ule mdogo wake mke wa daktari alipokuja kutoka Ulaya.

Alikuwa msichana mwembamba, mwenye kofia pana, asiyejua Kiswahili zaidi ya jambo na ahsante. Alipenda kuokota vitu: mbegu, maganda, manyoya ya kanga. Tulifika mahali pa kumwagia maji, Dereva akamwaga, akapiga honi yake, na kwa kuwa gari lilikuwa limechemka kweli, tukaamua kula pale pale. Sikuwahi kukaa mahali pale kwa zaidi ya dakika chache. Niliona Dereva hapendi. Alikaa kwenye ubao wa kukanyagia, mgongo ameupa pori.

Tulipomaliza chai tukakuta msichana hayupo.

Mwanzoni hatukushtuka. Mke wa daktari aliita, akacheka, akaita tena. Tuliingia porini kidogo kila upande. Miombo yote inafanana. Ukigeuka mara mbili umepotea, na majani yale mekundu yanafanya pori lionekane jepesi, lenye mwanga kila mahali, hata usijue barabara iko wapi. Tulipoanza kuita kwa sauti kubwa, nilitazama nyuma nikamwona Dereva ameinuka kwenye ubao.

Aliingia garini akapiga honi. Hakuiacha. Aliibana mpaka sauti ikawa kilio kimoja kirefu, na mke wa daktari akaziba masikio. Kisha aliiacha ghafla, akashuka, akakimbia kuingia porini, mtu wa umri ule, akigonga mabega kwenye miti. Nilimkimbilia nyuma kwa hofu kwamba naye atapotea. Nikamsikia anaita. Hakuwa anaita jina la yule msichana, wala hakuita kwa Kiswahili.

"Mayu! Mayu we!"

Mimi ni Mnyamwezi. Hakuna aliyehitaji kunitafsiria. Mzee yule mwenye mvi alikuwa anamwita mama yake.

Nilisimama. Aliita, akasikiliza, akaita tena, na kila alipoita sauti yake ilizidi kuwa ya kitoto.

Tulimkuta msichana mahali palipokuwa na uwazi kidogo. Ukiangalia vizuri uliona si uwazi wa asili: mibarika, mimea ya mafuta ya nyonyo, ilikuwa imeota kwa mstari, kulikuwa na vigae vya vyungu, na matuta ya mviringo ambayo zamani yalikuwa kuta za nyumba. Alikuwa amekaa kwenye kisiki, mikono mapajani, ametulia kama mtu aliyekaribishwa. Mke wa daktari alimkumbatia na kumgombeza kwa lugha yao. Msichana alieleza kitu, akinyoosha kidole kwenye miti. Nikaona uso wa dada yake umebadilika.

"Anasema nini, mama?" aliuliza Dereva.

Mke wa daktari alisita. "Anasema alipojua amepotea aliogopa, akaanza kukimbia. Halafu akamwona bibi mmoja, mzee. Yule bibi alimwashiria akae. Kwa hiyo akakaa."

"Bibi gani?" nikauliza mimi. "Huku hakuna watu."

Kweli hapakuwa na watu. Pori lile lilikuwa limefungwa kwa sababu ya mbung'o na ugonjwa wa malale. Warina asali waliingia kwa kibali, nao walikuwa wanaume.

Dereva hakunisikiliza. "Alivaa nini?"

Dada mtu akauliza, akasikiliza. "Nguo nyeusi. Kaniki."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu. Walikaa tu. Halafu honi ilipolia, ile ndefu, yule bibi aliinuka akamwonyesha upande inakotoka. Akaingia kwenye majani. Anasema alidhani ni mtu wa kijijini, na ameona aibu kuondoka bila kumshukuru."

Nilitegemea Dereva atapiga magoti, au atakimbia tena. Alitikisa kichwa taratibu tu, kama mtu aliyepewa majibu ya daktari. Tulirudi kwenye gari. Alituita majina, mmoja mmoja, nasi tukaitika. Tulipokwisha kuitika wote hakuondoa gari. Alingoja kwa muda, mkono kwenye gia, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumwambia tumekamilika.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada zetu, nilikwenda kwake, mtaa wa Ng'ambo. Mkewe alikuwa anachambua mchele barazani. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, aliyekuwa akicheka kwa mabega bila sauti, lakini siku ile hakucheka.

"Afadhali umekuja, Nesi," alisema. "Tangu arudi anakaa tu. Mwambie akueleze. Mimi ameshanieleza mpaka nimechoka, labda kwako yatatoka yaishe."

Dereva alikuwa ndani, kwenye kigoda. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanikaribisha kiti. Alieleza akitazama miguu yangu.

Zamani, kabla hajaja hospitali, alikuwa dereva wa lori la Serikali. Ulikuwa wakati wa malale. Watu walikuwa wanalala mchana kwenye mashamba yao, wanalala na chakula mdomoni, wanakonda, wanakufa. Ikaamriwa vijiji vya ndani ya pori vihamishwe vyote, watu wakusanywe pamoja kandokando ya barabara, mahali pasipo na mbung'o. Lori lake ndilo lililowabeba.

"Niliwabeba wagonjwa, Nesi. Walikuwa wanalala humo nyuma, juu ya mizigo yao. Nikifika nashusha watu, naamsha mmoja mmoja. Wengine hawakuamka. Mpaka leo mtu akisinzia nyuma yangu mgongo unakuwa baridi."

Kijiji cha mama yake kilikuwa cha mwisho. Alikwenda na kurudi, alikwenda na kurudi, na safari ya mwisho lori lilikuwa limejaa hadi juu. Mama yake alikuwa tayari, kaniki yake ameifunga kifuani. Lakini alipotaka kupanda akasema hajaliaga kaburi la mumewe.

"Nikamwambia, mayu, panda, siku nyingine nitakuleta uliage. Akasema, hawa ni wagonjwa, wapeleke kwanza. Ukirudi piga honi pale barabarani, nitakuja. Nikaona ni sawa. Watu walikuwa wanalia, watoto wana njaa. Nikaona ni jambo la kwenda na kurudi tu. Majani yalikuwa mekundu kama sasa. Alisimama kwenye majani, nikamwona kwenye kioo cha pembeni."

Mkewe, aliyekuwa amekuja kusimama mlangoni na ungo wake, ndiye aliyemalizia.

"Mvua ikanyesha siku ile ile. Mto ukajaa, lori likashindwa kuvuka. Na wakati yeye amekwama ng'ambo ya mto, kikosi cha waliopewa kazi ya kuchoma nyumba kilipita kwa miguu upande wa pili. Walikuwa wanachoma ili watu wasirudi. Wao wanasema hawakukuta mtu."

"Hawakukuta mtu," alirudia Dereva. "Na mimi nilipofika sikukuta mtu. Nilipiga honi mpaka lori likakataa kuwaka. Nilitafuta. Sikuona mfupa, sikuona nguo. Sijui kama ni moto, au simba, au alilala mahali. Sijui kama alinifuata kwa miguu akapotea."

"Lakini baba," nilisema, nikijaribu kumpa kitu cha kushika, "yule msichana alikuwa na jua kichwani, ameogopa. Mtu akiogopa anaona mengi."

"Nimelifikiria hilo."

"Na kama alimwona kweli, si ni vizuri? Amemsaidia mgeni. Hana hasira."

Hapo ndipo aliponiinulia macho. Sijawahi kusahau namna alivyonitazama.

"Umesikia alivyosema? Honi ilipolia, aliinuka akaonyesha barabara. Maana yake anasikia, Nesi. Miaka yote hii nilikuwa najifariji kwamba hasikii. Kumbe anasikia. Anajua ni mimi nimefika. Na haji."

Mkewe aliweka ungo chini. Nilimshika mzee mkono, kama nesi anavyomshika mgonjwa, tukakaa hivyo mpaka chai ikaletwa.

Hakupiga honi tena mahali pale. Tulipopita alipunguza mwendo tu. Maji aliendelea kumwaga, lakini bila kushuka, kwa kuinamisha chupa dirishani. Safari za majani ziliendelea miaka michache. Nilikuwa nawatazama wageni wakiinua nyuso kwenye ile miti, wakishika vifua kwa mshangao, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha kuyaona majani. Nilikuwa natazama kati ya mashina. Mara kwa mara niliona kitu cheusi kikisogea, nacho kilikuwa kisiki kilichoungua, au kivuli, au sikujua ni nini, na sikumwambia mtu.

Vita vilipokwisha, daktari na mkewe walirudi kwao. Likaja gari jipya, la kuwashwa kwa funguo, na kijana wa kuliendesha. Dereva alistaafu akakaa Ng'ambo. Mkewe alifariki, nikamsaidia kuuguza na kuzika. Baada ya hapo tulionana kanisani kwake nilipoalikwa harusi, au sokoni Kanyenye akinunua mafuta ya taa, na mazungumzo yetu yalikuwa ya afya na mvua.

Mara ya mwisho kukaa naye siku nzima ilikuwa yeye ameanza kutembelea fimbo. Alikuja hospitali asubuhi moja ya msimu ule wa majani, nikadhani anaumwa.

"Nasikia wamefungua lile pori," alisema. "Wamefyeka vichaka, mbung'o wamepungua, watu wamepewa ruhusa kulima tumbaku. Nataka kwenda kutazama majani. Peke yangu sitafika."

Niliomba ruhusa. Lori la tumbaku lilitupeleka njia ya Ipole likatushusha, na tukaingia porini kwa miguu. Tulitembea taratibu sana. Kila baada ya muda alisimama, akaegemea fimbo, akainua kichwa. Alikuwa anayatazama. Miti ilikuwa imepungua, kulikuwa na visiki vingi na mashamba yaliyofyekwa, lakini mitundu iliyobaki ilikuwa imetoa majani yake, na jua lilipita ndani yake likamwangukia usoni.

"Ni mazuri," alisema, kama mtu anayeukubali ukweli alioupinga kwa muda mrefu. "Mke wa daktari alisema kweli."

Pale kwenye mibarika tulikuta nyumba mpya ya miti na udongo, bado haijakandikwa upande mmoja. Mwanamke kijana alikuwa nje, anasaga ulezi kwenye jiwe. Alisimama haraka, akapiga goti, akatuamkia kwa Kinyamwezi.

"Mmepotea, wazee wangu?" aliuliza. "Mnamtafuta nani?"

"Hatumtafuti mtu," alisema Dereva. "Tumekuja kutazama majani."

Alitucheka kidogo, akatuletea kigoda na gogo tukakaa, akatupa maji. Kisha akaomba radhi kwamba amalize kusaga, atupikie. Akapiga magoti tena mbele ya jiwe. Niliona anahangaika, alikuwa akisukuma kwa mkono wa kulia na unga unakimbilia pembeni.

"Jiwe hili nililikuta hapa hapa, limefukiwa na majani," alisema. "Ni zuri, ni gumu, lakini limelika upande. Mwenye nalo nadhani alikuwa wa mkono wa kushoto."

Nilimgeukia Dereva. Alikuwa amesimama bila fimbo. Alisogea akainama, akapitisha kiganja kwenye lile bonde la jiwe, taratibu, mpaka mwisho wake.

"Alikuwa wa kushoto," alisema. "Tulimcheka sana. Tulikuwa tunamwigiza."

Yule mwanamke alitutazama kwa zamu. Hakuwa mjinga, alielewa kabla ya kuelezwa. Aliondoa mikono kwenye jiwe akaiweka mapajani.

"Basi ni lenu," alisema. "Mume wangu akirudi atawabebea mpaka barabarani. Samahani, baba. Sikujua."

Dereva alikaa chini, ardhini, karibu na jiwe, jambo lililomchukua muda kwa magoti yake. Nilidhani atalia. Pori lilikuwa kimya namna ile ninayoijua, ule ukimya unaokufanya utazame kati ya mashina, nami nilitazama. Yeye hakutazama kokote. Alikuwa anatazama mikono ya yule mwanamke.

"Nikalifanyie nini Tabora?" alisema. "Kaa upande huu mwingine, mwanangu. Sukuma kwa kushoto. Utaona."

Mwanamke alihama upande, akashika jiwe dogo kwa mkono wa kushoto, akajaribu. Mara ya kwanza liliteleza. Mara ya pili lilikaa kwenye bonde lake, na unga ukaanza kuteremka mbele, laini, bila kumwagika. Alicheka kwa mshangao, akaendelea, akapata mwendo wake. Dereva alikuwa anachota ulezi kwa kiganja na kumwongezea, kidogo kidogo, kila jiwe lilipobaki tupu, kama mtoto aliyewekwa kumsaidia mama yake.

Alisonga ugali wa unga ule, akatupa na mlenda. Tulikula sote watatu kwenye sahani moja. Mzee alikula kimya, kwa mpangilio, mpaka sahani ikawa safi, akalamba vidole. Kisha alimtazama yule mwanamke, akauliza kwa Kinyamwezi, kwa adabu kubwa, kama ugali bado upo kidogo wa kumwongezea.